Leo Kasyoka Amekalia Sanduku Letu

Jumapili, mwezi wa pili. Kalamba.

Jua limetupiga tangu asubuhi kama lina kesi na sisi. Hakuna upepo. Mbuzi wamelala kwenye kivuli cha choo na hawataki kuangaliana. Mimi nimekaa mlangoni, miguu ndani ya karai la maji, na nina furaha mpaka mbavu zinauma.

Nitasema polepole, maana simu hii ukiikimbiza inaandika upuzi. Mimi sikusoma. Ninasema, simu inaandika, halafu mjukuu wangu Mwende ananisomea kabla haijaingia kwenye shajara. Nimemkataza kunirekebisha. Akiniwekea maneno ya shule nitamjua.

Sanduku limeshika.

Wewe shajara unajua kisa hiki tangu mwanzo, lakini nitarudia, kwa sababu leo nina haki ya kurudia.

Mwende ni mtoto wa kijana wangu wa kwanza. Alisomea kuchora vitu kwa kompyuta huko Nairobi, akarudi nyumbani na mashine ya kukata mbao kwa mwanga. Leza. Iko kwenye chumba kimoja pale sokoni, inanguruma kama paka aliyeshiba, na inakata plaiwudi bila msumeno. Ubao ukitoka una vidole ukingoni. Ubao mwingine nao una vidole. Unaviingiza hivi, kama mtu ameshikanisha mikono anaomba Mungu, na hiyo ndiyo pembe ya sanduku. Hakuna msumari. Kinachoshika ni gundi.

Na gundi ni kazi yangu. Mwende hawezi kuwa kwa mashine na kuwa kwa gundi, na mimi siwezi kukaa nyumbani nikifukuza nzi kama ng'ombe.

Mwezi uliopita kanisa letu lilitaka sanduku la sadaka. Kubwa, la kubebwa na watu wawili, kwa sababu huku kwetu sadaka haiji kwa sarafu tu. Watu wanaleta ndengu, mtama, mayai, na boga ikiwa mwaka ulikuwa mzuri. Mwende akakata mbao. Mimi nikaunga.

Niliunga vile ninavyosuka kiondo.

Hapo ndipo tulipoharibu, na nasema "tulipoharibu" kwa heshima tu, maana niliharibu mimi. Nimesuka viondo tangu nikiwa msichana. Kwa kiondo, kila mzunguko unavuta. Kiondo kisichovutwa ni chujio. Kwa hivyo nilipaka gundi, nikazungusha kamba ya mkonge, nikaweka mguu juu ya sanduku na nikavuta mpaka gundi yote ikatoka nje ikadondoka sakafuni.

Mwende alisema, "Susu, usikaze hivyo, unaikamua." Susu ni nyanya kwa Kikamba.

Nikamwambia nilikuwa nikikaza vitu kabla baba yake hajaota meno.

Na kuna kitu kingine. Mwanga ule ukikata unachoma, na kile kidole cha mbao kinabaki na masizi. Mwende alisema tupitishe msasa kidogo kabla ya gundi, kwa sababu gundi ikishika masizi haijashika mbao. Mimi niliona ule weusi ni mapambo, kama mstari wa uzi mweusi kwenye kiondo. Nikauacha. Nikausifu hata.

Basi Jumapili ile mashemasi wawili wakabeba sanduku limejaa, wakatembea nalo katikati ya kanisa, kwaya inaimba, na walipofika mbele kabisa, mbele ya mchungaji, kitako kikatoka.

Chote.

Ndengu zilimwagika kama mvua tuliyokuwa tunaiomba. Sarafu zikakimbia chini ya viti. Na kulikuwa na jogoo, mtu alimleta sadaka, amefungwa mguu kwenye benchi. Jogoo akaona ndengu. Akakata kamba. Akaanza kula sadaka ya Mungu mbele ya mchungaji, bila haraka, kama mwenye kanisa.

Watoto walicheka, hiyo naelewa. Lakini Kasyoka naye alicheka. Kasyoka ni jirani yangu, tumesuka pamoja tangu tuolewe boma hizi mbili, na kanisani anakaa mbele yangu ananizuia kuona. Alicheka mpaka leso ikamtoka kichwani.

Nilisimama hapo hapo nikasema ni mikono yangu iliyounga, mashine haina kosa. Hakuna aliyenisikiliza. Watu wakishapata maneno wanayoyapenda hawataki mengine. Nilipofika sokoni maneno yalikuwa yameshanitangulia: mbao iliyochomwa haishiki. Mashine ya Mwende inachoma mbao. Mtoto amedanganywa huko Nairobi, ameuziwa moto.

Mutinda, mrina asali wa Ikutha, alikuwa ametaka masanduku madogo ya kuwekea chupa zake za asali. Mazuri, yenye picha ya nyuki. Akasema atangoja kwanza aone kanisa litafanya nini. Wengine hata hawakusema wanangoja. Hawakuja tena. Wazee wa kanisa wakasema wana huruma, Mwende ajaribu mara moja tena kwa Jumapili ya mavuno, na likifunguka wataagiza la chuma. Baba yake Mwende akapiga simu kutoka Migwani, kule anakofanyia biashara, akaniambia, "Mama, mwambie mtoto auze hiyo mashine kabla haijawa chuma chakavu."

Sikumwambia. Lakini alikuwa ameshaambiwa. Nilienda sokoni nikakuta ameifunika mashine kwa shuka, juu mpaka chini.

Kama maiti.

Siku ile ile ya aibu, kulikuwa na mnada wa sadaka baada ya ibada, na nilimnunua yule jogoo. Nilimtazama machoni nikamwambia siku sanduku likishika utaingia sufuriani. Nikamfunga nyuma ya nyumba. Amekula ndengu zangu tangu hapo.

Halafu nikajifunza. Andika hiyo vizuri, simu. Nilijifunza kutoka kwa mtoto niliyemfunga nepi.

Ni vigumu. Mikono yangu ina tabia zake, haiulizi kichwa. Mwende alinionyesha na vipande vidogo, mchana baada ya mchana. Msasa unapitishwa kidogo tu, masizi yatoke. Ukizidisha, kidole kinakonda na kinacheza kama jino la mtoto. Gundi inapakwa kwa brashi ndogo kwenye mashavu ya kila kidole, pande zote mbili. Kamba ya mkonge nimekatazwa. Tunafunga kwa mipira iliyokatwa kutoka kwa tyubu ya baiskeli, maana mpira unakumbatia, haukati. Unavuta mpaka gundi itokeze vitone vidogo kama jasho juu ya mdomo. Hapo unaacha. Unapangusa haraka kwa kitambaa chenye maji, la sivyo vanishi itakataa pale na patabaki peupe kama pamepakwa majivu.

Halafu unachukua uzi, unapima kutoka pembe hii mpaka pembe ile ya mbali, unarudi unapima zile nyingine mbili. Uzi ukitosha sawa, sanduku limesimama. Usipotosha, limelala upande na kifuniko hakitakubali.

Viboksi vidogo vikashika. Nilivirusha chini, vikashika. Nilimpa mbuzi akanyage kimoja, akakataa, nikakikanyaga mwenyewe.

Lakini kubwa likatushinda.

Ni hili jua. Sanduku dogo unapaka na kufunga kabla gundi haijajua imetoka kwenye chupa. Kubwa lina pembe nne na kitako, na vidole vingi, na lazima vyote viingie pamoja. Tulikuwa wawili. Tukipaka pembe ya tatu, ya kwanza imeshakufa, imefanya ngozi. Tukakwangua, tukaanza tena. Ikafa tena.

Mwende akaweka brashi chini. Akasema, "Susu, haiwezekani. Nitampigia baba."

Hakulia. Ningependa alie. Mtu anayelia bado anabishana.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na nikikasirika ninatembea kwenye shamba. Nikasimama juu ya matuta. Haya matuta yanayozuia udongo wetu usiende na mvua, nilianza kuyaangalia kama sijawahi kuyaona. Nani aliyachimba? Mimi? Ningekuwa bado nachimba la kwanza. Yalichimbwa na mwethya, wanawake wa kusaidiana, leo kwangu kesho kwako, kila mmoja na kipande chake, wote kwa pamoja kabla jua halijapanda.

Nikajiita mjinga kwa sauti.

Sasa, mwethya una sheria moja kubwa. Ukiita, unaita nyumba zote. Huwezi kuruka boma la mtu kwa sababu alikucheka. Ukiruka mmoja, wengine wanakaa chini, na wana haki.

Kwa hivyo ilibidi niende kwa Kasyoka.

Nilimkuta anapiga ndengu kwa fimbo, rundo liko hapa kifuani na hajafika hata katikati. Hakuniangalia.

"Umeniletea sanduku?" akasema. "Nina kuku wa kufungia."

"Nimekuja kukuita mwethya."

"Wa nini? Shamba lako limevunwa."

"Wa gundi."

Hapo akaacha kupiga. Akaangalia mikono yangu, akaangalia yake. "Nije na jembe?"

"Njoo na vidole. Mdomo uache nyumbani."

"Vidole havitoki bila mdomo," Kasyoka akasema. "Ukichukua kimoja unachukua vyote."

Nikamwambia basi alete vyote.

Jana jogoo aliniamsha bado kuna giza na baridi kidogo, ile baridi pekee tunayopata mwezi huu. Nilimtukana, nikaenda. Na wanawake wakaja. Leso viunoni, makohozi ya asubuhi, maneno ya asubuhi. Walijaa chumba cha Mwende mpaka mashine ikaonekana ndogo. Mmoja akauliza kama ule moto unauma. Mwende akasema umelala. Bado alikuwa na sauti ya chini.

Tukagawana. Pembe kwa pembe, kila pembe na mwenyewe, na mwingine wa kitako. Kasyoka nilimpa pembe iliyo karibu na yangu ili nimwangalie. Mwende akasimama katikati na chupa ya gundi kama mama anayegawa uji.

Na Kasyoka akaanza wimbo. Ule tunaoimba tukichimba matuta. Sikuwa nimefikiria hilo, hilo ni lake, nampa. Brashi zikaenda na wimbo. Wote tunaitikia, wote tunapaka, hakuna wa kutangulia na hakuna wa kubaki. Tulipoitikia mara ya pili kila kidole kilikuwa kinang'aa. Mwende akasema, "Sasa," na mbao zikaingia. Nilisikia sauti ya mbao. Tk, tk, tk, pande zote, kama watu wanaketi kwenye viti vyao.

Tukafunga mipira. Na mikono ya Kasyoka, ambayo imesuka sawa na yangu, ikashika mpira ikaanza kuvuta kuua.

"Usikaze hivyo," nikamwambia. "Unaikamua."

Mwende alicheka. Alinisikia nikisema maneno yake na akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikajua kwamba hata sanduku likifunguka, nimepata kitu.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Uzi ulipopita pembe kwa pembe ulikataa kulingana. Lilikuwa limelala kidogo upande wangu. Gundi haingoji mtu afikirie. Mwende aliweka nyonga yake kwenye pembe ndefu, akasukuma polepole kama unavyosukuma ng'ombe anayekukanyaga mguu, na akaniambia, "Pima." Nikapima. "Pima tena." Nikapima tena.

Uzi ulilingana.

Vile vitone vya jasho vikatokea kila mahali. Tukapangusa. Jua likaja dirishani, likatukuta tumemaliza.

Kazi iliyobaki ndiyo ngumu kuliko zote, kuliacha. Kutoligusa, kutolijaribu, kutoliinua uone. Kasyoka alinyoosha kidole mara moja. Nilimpiga kile kidole na kitambaa. Tukanywa chai nje tumeligeuzia mgongo, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu aliyelala.

Sasa leo, Jumapili ya mavuno.

Sijawahi kuona kanisa linaangalia chini namna ile. Kila mtu macho sakafuni, wanangoja ndengu. Mchungaji aliomba na jicho moja wazi, nilimwona kwa sababu na mimi langu lilikuwa wazi. Mashemasi wakabeba. Na unajua walivyobeba? Mikono chini ya kitako, kama wamebeba sufuria ya uji wa moto.

Nilivumilia mpaka nikashindwa.

"Toeni mikono chini," nikasema kutoka kwenye benchi. "Lina mishikio."

Kanisa zima likageuka. Shemasi akaangalia mchungaji. Mchungaji akaniangalia, na ananijua, kwa hivyo akainamisha kichwa. Wakatoa mikono. Wakashika mishikio. Mwende pembeni yangu alikuwa amefunga macho na kushika kiganja changu, na nadhani mifupa yake na yangu iliungana hapo bila gundi.

Wakatembea.

Katikati ya kanisa Kasyoka akasimama. Alikuwa na boga magotini, boga la kuonyesha watu. Mashemasi wakasimama, hawana la kufanya. Angeliweka taratibu kama Mkristo. Hakuliweka. Aliliangusha ndani.

Sanduku likalia du! mara moja, likanyamaza.

Na likaenda mpaka mbele, likawekwa, halikumwaga hata ndengu moja. Mwende akafungua macho. Sikuimba wimbo uliofuata. Nilikuwa na kazi ya kupumua.

Baada ya ibada na mnada, sanduku likatolewa nje tupu, watu wakaja kulipapasa. Wanapitisha vidole kwenye pembe, wanatafuta ufa. Na hakosekani mmoja. Nyuma huko mtu akasema lakini mbao ikishachomwa, ngojeni tu, kuna siku.

Kasyoka akamsikia.

Nataka nieleze kwamba Kasyoka hakuumbwa kwa haraka. Mungu siku hiyo alikuwa na udongo mwingi na nafasi. Aligeuza sanduku, akakusanya sketi yake, na akakaa. Mwili wote. Akanyoosha miguu. Akaomba chai na mkate.

Alikunywa chai yote amekaa pale, na watu wamesimama kwenye jua wanamwangalia.

"Mnangoja nini?" akawauliza. "Nimalize mkate?"

Kitu kikalia, kri. Watu wakaruka nyuma.

"Hilo ni goti," Kasyoka akasema.

Nilicheka mpaka leso yangu ikatoka. Tumelingana.

Halafu Mutinda wa Ikutha akapita katikati ya watu. Alimwomba Kasyoka ainuke, kwa adabu. Akagonga pembe moja kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga nyingine, vile wanavyogonga mzinga kusikia kama nyuki wako nyumbani. Pembe zote. Akasimama akafuta mikono.

"Mwende," akasema, "mtaanza yangu lini?"

Mwende aliniangalia mimi. Mimi nikaangalia Kasyoka. Huo ndio uongozi wa kampuni yetu.

Tulipitia sokoni tukirudi. Ni Jumapili, hakuna kazi, lakini alifungua mlango akavua ile shuka kutoka kwa mashine, akaikunja vizuri, akanipa. Akasema, "Susu, hii ni ya kitanda." Basi.

Baba yake amepiga simu kutoka Migwani. Nilingoja aseme mambo ya kuuza. Akasema, "Mama, nimesikia Kasyoka amekalia."

Habari zinakimbia kuliko basi.

Nikamwambia na wewe njoo ukalie. Tena uje na msasa.

Sasa jua limeshuka, maji ya karai yamepoa, na nina kisu. Nilikinoa kabla ya kuanza kuongea na wewe. Ahadi ni ahadi, na nimemfuata jogoo nyuma ya nyumba, naye ameniangalia vile vile alivyomwangalia mchungaji.

Nikakumbuka jana. Nani aliniamsha bado kuna baridi? Ningelala mpaka jua litoke, gundi ingetufia mikononi, na sasa hivi mashine ingekuwa bado imefunikwa. Kula sadaka alikula. Lakini kazi amefanya.

Nimchinje mfanyakazi?

Kesho si ya gundi. Kesho ni zamu ya Kasyoka, rundo lake la ndengu bado liko kifuani, na mwethya ni leo kwangu kesho kwako. Mwende naye anakuja na fimbo, nimemwambia na hakubisha. Asali ya Mutinda inafuata.

Nimerudisha kisu jikoni. Jogoo nimemwongezea ndengu, nikamwambia ale tu, mradi awike mapema.